Kazi yenye mtu anayeisubiri

Kila mwaka, kabla ya kuwapangia wanafunzi mahali pa kwenda kufanya kazi, huwa nawagawia karatasi yenye swali moja: ukifikisha miaka 30, ungependa uwe unafanya kazi gani? Majibu huwa nayajua kabla sijazikusanya. Daktari, mwanasheria, mhandisi, rubani, walimu wawili watatu, mwanasoka mmoja asiyekosekana, na siku hizi "mambo ya kompyuta". Ukiuliza ni mambo yapi hasa, mtu anakutazama tu.

Si darasa langu peke yake. Mwaka 2020 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilitoa ripoti kuhusu ndoto za kazi za vijana wa miaka 15, kwa kutumia takwimu za mtihani wa 2018 wa PISA, mtihani wa kimataifa wa vijana wa umri huo. Katika nchi 41, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walisema wanatarajia kufanya moja kati ya kazi kumi tu zinazopendwa zaidi. Tena msongamano huo ulikuwa umeongezeka tangu mwaka 2000. Dunia imezidisha aina za kazi, vijana wamezidi kubanana kwenye zilezile.

Siwalaumu. Mtoto huchagua miongoni mwa kazi alizoziona zikifanywa. Daktari amemwona, mwalimu anamwona kila siku hata asipotaka. Anayepanga safari za malori hajamwona, wala anayechora mabomba ya maji ya mtaa mzima, wala anayehakikisha chanjo haijaharibika kabla haijamfikia mgonjwa. Hao wako nyuma ya mlango, na mlango huo mwanafunzi hana sababu ya kuufungua mpaka mtu amfungulie.

Kufungua milango hiyo ndiyo kazi yangu shuleni, mbali na vipindi. Nawatafutia wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari mahali pa kukaa wiki mbili wakifanya kazi, si kutembelea. Nimeifanya miaka mingi kiasi cha kupoteza uvumilivu na mambo mengi yanayosemwa kuihusu, na kubaki na moja ninalolishikilia: mwanafunzi huanza kuijua kazi siku anapokabidhiwa kitu ambacho mtu mwingine anakisubiri. Kabla ya hapo yeye ni mgeni.

Ugeni huo una alama yake, nayo ni kiti. Wenyeji wengi ni watu wakarimu. Mtoto akifika asubuhi na sare yake iliyonyooshwa, wanamtafutia kiti, wanakiweka ukutani mahali ambapo hatamzuia mtu njia, wanamwambia: kaa hapa uone tunavyofanya. Siku ya kwanza anaona. Siku ya pili anaona kilekile. Siku ya tatu ameshajua kila kona ya simu yake. Niliwahi kumkuta binti mmoja hivyo katika ofisi kubwa yenye vioo kila upande. Ratiba yake ilikuwa ya kupendeza kwenye karatasi: azungushwe idara zote. Kila idara ilimkaribisha vizuri, ikamsimulia historia yake, ikampa kiti. Aliporudi shuleni nilimuuliza watu wa pale wanafanya nini. Akanijibu kwa uaminifu kabisa: "Wanaongea na simu, mwalimu."

Muhula uleule binti mwingine alikuwa kwenye zahanati. Huyu alitaka udaktari tangu akiwa mdogo, na nadhani alitegemea kusimama nyuma ya daktari akitazama. Hilo haliwezekani, wala lisiwezekane. Mgonjwa hakuja pale ili awe somo la mwanafunzi wa sekondari, na siri zake ni zake. Kwa hiyo mfamasia akamchukua kwenye stoo ya dawa. Binti alinuna waziwazi.

Mfamasia yule, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimpa jukumu moja: asubuhi na jioni asome kipimajoto cha friji ya chanjo, aandike kwenye chati, aweke saa na saini yake, yeye mama akiwa pembeni. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Binti alidhani hatari ni joto tu. Akaelezwa kwamba baridi iliyozidi ni mbaya vilevile: chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini aina ya B ikiganda imeharibika, na ikiyeyuka unaweza kuitazama usione tofauti yoyote. Ile chati ndiyo inayokwambia kilichotokea ambacho macho hayawezi kukuambia. Kila asubuhi, kabla ya chupa hata moja kutoka, muuguzi wa chanjo alikuwa anakuja kuitazama chati kwanza.

Nilipowatembelea, wiki ya pili, nilimkuta binti amesimama mbele ya friji anamkatalia mtu kufungua mlango. Ni mhudumu aliyekuwa anatafuta kitu chake, amemzidi umri mara mbili. "Samahani, kaka, imefunguliwa sasa hivi tu. Subiri kidogo, sindano ya kipimajoto bado haijashuka." Yule kaka akanitazama mimi, akacheka, akasubiri. Mfamasia hakuinua hata kichwa kutoka kwenye hesabu zake.

Wala sisemi kwamba binti aliacha udaktari akapenda ufamasia. Hakuacha. Ila alirudi akijua kwamba hospitali ni watu wengi wanaotegemeana kwa vitu vidogovidogo vilivyoandikwa vizuri, na alijua kwamba yeye anaweza kufanya kitu kilekile kila siku bila kukichoka. Hilo la pili hakuna mtihani wa shule ungempa.

Kwa sababu ya watu kama yule mfamasia nimebadilisha namna ninavyozungumza na wenyeji. Wengi huanza kwa kuniambia: mwalimu, tungependa sana, ila hatuna kazi ya kumpa mtoto. Nami siulizi tena kuhusu mtoto. Nauliza: kuna kitu gani hapa mnachokiahirisha kila wiki? Hapo hawakosi jibu. Vifaa vya stoo havijahesabiwa. Wateja hawajapigiwa kuthibitisha miadi. Fomu mpya imechapishwa na hakuna aliyeijaribu kuona kama mtu wa kawaida anaielewa. Halafu nauliza swali la pili: ikimalizika, nani ataitumia, na lini? Kama jibu ni mtu mwenye jina na siku inayojulikana, tumepata. Kama ni kunakili majina kutoka daftari la zamani kwenda daftari jipya ambalo halitafunguliwa na mtu yeyote, nashukuru na kuomba tufikirie tena. Vijana wananusa kazi ya kubuniwa upesi sana kuliko tunavyodhani.

Kuna upande wa pili wa shilingi, na lazima niuseme. Kazi yenye mtu anayeisubiri ni rahisi sana kugeuka kuwa kibarua cha bure. Kufagia si kosa. Kwenye karakana kila mtu anafagia, fundi mkuu pia. Lakini mwanafunzi akiwa ndiye pekee anayefagia, kutwa, wiki nzima, nakwenda kumchukua. Nimeshafanya hivyo na sikuombewa radhi na mtu, wala sikungoja radhi. Vilevile kuna orodha ya mambo ambayo hayajadiliwi: misumeno ya umeme, kupanda juu ya mapaa, kemikali kali, kazi za usiku. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za hatari, na nchi nyingi zimeuingiza msingi huo kwenye sheria zao. Mwenyeji akisema "aah, kwetu hapa hata vijana wadogo wanatumia hiyo mashine," anakuwa amenipa jibu lote ninalohitaji.

Marufuku hiyo, kwa bahati, ndiyo iliyozaa somo bora la hisabati nililowahi kulishuhudia. Karakana ya useremala ilimpokea kijana mmoja mahiri wa hesabu, wa aina ile anayemaliza mtihani mapema kisha anatazama dirishani. Kwa kuwa mashine hagusi, fundi alimpa kazi ya kuandaa orodha ya kukatia: kila siku, kabla ya aliye kwenye msumeno kuanza, apate karatasi inayosema ubao upi utoe vipande vingapi vya urefu gani. Mtu wa msumeno anasimama palepale anangoja. Asipopata karatasi, karakana nzima imekwama.

Siku ya kwanza fundi alimpa mfano. Ubao una milimita 2,400. Tunataka vipande vya milimita 600. Vinatoka vingapi?

"Vinne, fundi."

"Una hakika?"

Kijana akacheka kidogo. Hesabu ya darasa la nne hiyo. Fundi akatoa ubao uliokuwa na kasoro, umewekwa pembeni, akaupeleka kwenye msumeno. Kipande cha kwanza, 600 kamili. Cha pili, 600. Cha tatu, 600. Akamrushia kijana tepu apime kilichobaki. Kijana akapima, akageuza tepu, akapima tena kwa upande mwingine. Milimita 591.

"Tisa zimeenda wapi?" fundi akauliza.

Kijana akatazama sakafu, penye vumbi la mbao. Ubapa wa ule msumeno unakula milimita 3 kila unapopita, na umepita mara tatu. Rafu za kabati lile, kumbe, zilikuwa zimeshapangwa ziwe na milimita 597 ili ubao mmoja utoe nne kamili. Fundi alikuwa amelijua hilo kabla hajauliza. Tangu siku hiyo, kijana anasema, hakuna orodha aliyoitoa bila kuandika juu kabisa unene wa msumeno, na nimeiona mwenyewe mojawapo: mwandiko mbaya, hesabu safi.

Baba yake alikuja shuleni wiki hiyohiyo. Nilimwamkia, akaitika, akakaa, na hakuzunguka.

"Mwalimu, mimi nilimleta mtoto hapa asome awe mhandisi. Nasikia mmempeleka kwa maseremala."

"Ndiyo, mzee. Yuko pale."

"Useremala ni kazi ya mtu aliyeshindwa shule."

Ningeweza kumjibu kwa hotuba, na hotuba ninayo, nimeitoa mikutanoni. Nilimwomba tu akapite pale karakana jioni, wakati wa kufunga, amuulize fundi kijana anafanya nini. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba hakurudi kulalamika, na sijawahi kumuuliza. Wazazi wa aina hii nawaelewa kuliko wanavyodhani: wamelipa ada kwa jasho ili mtoto aondoke kwenye kazi za mikono, halafu mwalimu yuleyule anamrudisha huko. Kumwambia mzazi kwamba "kazi ni kazi" wakati anajua vizuri kwamba kazi hazilipi sawa wala haziheshimiwi sawa ni kumdharau. Ninachomwambia ni hiki: mhandisi asiyejua kwamba msumeno unakula mbao atachora kabati lisilojengeka.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni mazungumzo ya baadaye. Mwanafunzi akirudi ukamuuliza "umejifunza nini?" atakupa jibu la mtihani: nimejifunza nidhamu, ushirikiano na kuwahi. Yeye mwenyewe haamini, na wewe huamini, lakini mnaandika. Mimi nimejiwekea maswali mengine. Leo nani alikasirika, na kwa nini? Saa gani ilikuwa ndefu kuliko zote? Mtu gani pale ungependa maisha yake, na yupi usingependa? Kuna kitu ulikifanya mpaka ukasahau kutazama saa? Majibu ya haya huja taratibu na huja ya kweli. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye ofisi ya watengeneza programu za kompyuta alinijibu kwamba saa ndefu ilikuwa ile ya kusoma programu iliyoandikwa na mtu mwingine aliyeshaacha kazi, ili kujua kosa liko wapi. Nilimuuliza wenzake pale wanatumia muda gani kwenye kazi ya namna hiyo. "Mwingi kuliko wa kuandika," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba ndoto yake imepunguzwa urefu. Mwingine akipewa jibu hilohilo angefurahi. Kuna watu wameumbwa kwa ajili ya kutafuta kosa la mtu aliyeondoka.

Wazo lenyewe si jipya. Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi mjini Boston mwaka 1908, aliweka mambo matatu: ujijue wewe mwenyewe, uzijue kazi, kisha ufikirie vizuri jinsi hayo mawili yanavyokutana. Shule hujitahidi kwenye la kwanza kwa madodoso ya vipaji, na kwenye la pili kwa vipeperushi. La tatu huachiwa bahati. Mimi nadhani la tatu haliwezi hata kuanza kwenye karatasi, maana mtu hajui kama anavumilia kelele za karakana mpaka asikie kelele za karakana.

Wanaofanya hivi kwa mpango wa nchi au wa jimbo wako wengi, na nimekuwa nikiwatazama kwa wivu. Uswisi kijana anayefikiria uanagenzi huenda kwanza siku chache kwenye kampuni kuonja kazi, nao wakimwonja yeye, kabla mkataba haujasainiwa. Ayalandi wana mwaka mzima wa mpito katikati ya sekondari, ulioanza kwa majaribio mwaka 1974, ambamo kwenda makazini ni sehemu ya kawaida. Japani, mkoa wa Hyogo ulianza mwaka 1998 kuwatoa wanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari ya chini kwa siku tano mfululizo, darasa zima, kwenda kufanya kazi mitaani kwao. Providence, Marekani, kuna shule iliyofunguliwa mwaka 1996 ambayo wanafunzi wake hukaa makazini siku mbili za kila wiki. Huyo wa siku mbili kila wiki ndiye ninayemwonea wivu zaidi. Wiki mbili za mfululizo zinakuonyesha kazi ikiwa katika hali moja tu. Huoni mwisho wa mwaka wa hesabu, huoni msimu wateja wanapokauka, huoni siku ya kuajiri wala ya kupunguza watu.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni nani anapata mahali gani. Ukiwaachia wanafunzi wajitafutie, mtoto wa wakili anakwenda kwa wakili, mtoto wa fundi baiskeli anakwenda kwa fundi baiskeli, na mpango wote unakuwa umewathibitishia kile walichokuwa wanakijua. Kwa hiyo kwetu hakuna kwenda kwa ndugu, wala kwa rafiki wa mzazi. Sheria hii imeniletea simu nyingi za watu wazito. Inabaki. Nauli na nguo za kazi zinatoka kwenye mfuko wa shule kwa wote, si kwa wanaoomba, kwa sababu anayehitaji zaidi ndiye asiyeomba. Na pale panapopendwa sana, zile ofisi zenye vioo, tunapiga kura ya bahati kwa majina. Mara nyingi anayeshinda kura ndiye anayepata kiti.

Tofauti hiyo kati ya ofisi kubwa na karakana ndogo imejirudia mno. Ofisi kubwa ina barua nzuri, ina mtu wa kumpokea mwanafunzi, ina kitambulisho cha kuvaa shingoni. Karakana ya watu wanne haina lolote kati ya hayo, ila haina pia mtu wa ziada, ukiwepo, unahitajika. Siku hizi kabla ya kukubali mahali popote naomba kuzungumza na mtu atakayekaa na mwanafunzi, si mkurugenzi. Mkurugenzi anasema ndiyo kwa dakika moja kisha anasahau. Atakayekaa naye ndiye atakayechelewa kurudi nyumbani kwa sababu yake, na huyo akikubali kwa shingo upande, ni heri nijue mapema.

Utawala umeanza kuniomba alama. Wanataka wiki mbili hizi ziingie kwenye ripoti ya muhula, kwa asilimia, kama masomo mengine. Nimekataa mpaka sasa. Mwanafunzi akijua anapewa alama ataanza kumpendeza mwenyeji, na anayempendeza mwenyeji hatakwambia kwamba saa nane mchana alitamani kukimbia. Badala ya alama, mwenyeji anajaza fomu yenye maswali mawili: alifika kwa wakati, na ungempokea tena? Fomu ya yule kijana wa orodha ya kukatia ninayo kwenye faili. Kwenye swali la pili fundi ameandika: "Ndiyo. Ila aje na viatu vya maana, na mnitumie na mwingine, kazi zimezidi."